Pikapu Iliyotoka Kwenye Belo

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka. Ulinifundisha kwamba mtu hamwagi habari kabla ya salamu, basi salamu nimeitanguliza, ingawa jibu lake itabidi nijitungie mwenyewe.

Watu wakiniuliza ulikuwa mama wa namna gani, wanategemea niseme habari za jembe, za uvumilivu na za kuamka kabla ya jogoo. Hayo yote yalikuwepo. Lakini mimi huanza kwa kuwaambia kwamba mama yangu alikuwa na pikapu ya buluu yenye springi, difu na gia tatu, na urefu wake ulikuwa sawa na mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Wengine hucheka wakidhani nawatania. Wewe unajua sitanii.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi na mizani zao wenyewe, na magari yenye rangi ambazo macho yetu hayakuwa yamezizoea. Sabuni na vitenge na redio, vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni, vikarudi madukani kana kwamba vilikuwa safarini tu. Na malori ya chama cha ushirika yakaanza kulala yadi, moja baada ya jingine, nyasi zikiota katikati ya matairi. Baba alikuwa dereva wa mojawapo. Alikuwa akibeba marobota ya pamba kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, huko Maswa tangu mimi sijazaliwa. Siku alipoambiwa akapumzike, alirudi nyumbani na jeki yake, blanketi lake la safari na ule mto wa kukalia uliomshonea. Akaviweka nyuma ya mlango, akaketi.

Aliketi sana, mayu. Wewe hukumsema. Kila asubuhi ulijitwika nguo zako za mitumba ukaenda sokoni, na jioni ulimkuta palepale ukutani, amehama tu kufuata kivuli. Ukimsalimia anaitikia. Ukimuuliza habari za kutwa anasema nzuri. Niliwahi kukusikia ukimwambia jirani kwamba afadhali mume mkali kuliko mume aliyenyamaza, kwa sababu yule mkali angalau unajua alipo.

Nilikuwa nawe siku ulipofungua lile belo la nguo za watoto. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kukunjua na kupanga. Tukatoa sweta, tukatoa suruali zenye mikanda ya mpira, tukatoa kofia za sufu ambazo hakuna mtoto wa Bariadi angezivaa hata kwa kuchapwa. Chini kabisa palikuwa na taulo nene lililoviringishwa. Ulilifungua taratibu kama mtu anayefungua kitoto kichanga, na ndani yake ikawa pikapu.

Sijui kama uliwahi kumwambia mtu ulichohisi. Mimi nilikuona. Uligusa tairi kwanza, ukalibonyeza, likabonyea, kwa maana lilikuwa mpira wa kweli wenye meno. Ukagusa waipa. Ukachungulia ndani kupitia kioo, ukaona usukani mdogo na viti viwili. Kisha ukaikandamiza kwa kiganja, ikazama kidogo na kupanda tena, kama gari lililopita kwenye shimo. Pembeni yake, ndani ya taulo hilohilo, kulikuwa na rimoti yenye antena ndefu ya kuvuta.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akichagua nguo alitaka kuinunua. Ukamwambia haiuzwi. Akapandisha bei. Ukamwambia kwa upole kwamba bado haiuzwi. Mama wa genge la nyanya akauliza kwa sauti ya kusikika soko zima kama siku hizi unanunua magari, nawe ukamjibu kwamba kila tajiri alianza na dogo. Wakacheka, ukacheka nao, na pikapu ukaifunga kwenye kanga yako.

Jioni ile uliiweka juu ya kigoda mbele ya baba, ukaenda kuwasha moto. Mimi nilibaki nikijifanya nachambua mchele. Baba aliitazama muda mrefu bila kuigusa. Halafu akaichukua, akaigeuza chini juu, akazungusha tairi moja la nyuma kwa kidole na kuona la pili likizunguka kinyume. Nikamwona anakaa wima.

"Mama Kabula," akaita, "hii ina difu."

Ulitoka jikoni ukifuta mikono, ukauliza difu ni kitu gani. Mke wa dereva wa lori kwa miaka yote ile, umefua mashati yenye grisi, unauliza difu ni kitu gani! Baba akakueleza. Akaeleza kwa nini gari likikata kona tairi la nje hukimbia zaidi ya la ndani, akachora kwa kijiti mavumbini, akaendelea hadi kwenye giaboksi na ekseli. Alieleza mpaka maharage yakaungua. Tulikula maharage yenye harufu ya moshi na hakuna aliyelalamika, na nilipokutazama ulikuwa unatafuna huku umeinamisha uso ili tusione unavyotabasamu.

Pikapu ilikuwa haiwaki. Waya mmoja wa mota ulikuwa umekatika, na kwa hiyo baba, aliyekuwa hajatoka nje ya ua kwa muda, akavaa shati safi akaenda dukani kwa Bwana Saidi. Bwana Saidi alikuwa mtu wa Kigoma, duka lake liko karibu na msikiti, anauza spea za baiskeli na betri za tochi na anatengeneza redio. Walikuwa wanajuana kwa salamu tu. Siku ile walikaa kwenye benchi la duka hadi adhana ya alasiri, vichwa vimegusana juu ya gari la kuchezea, na wateja wa redio wakaambiwa warudi kesho.

Safari ya kwanza ilikuwa uani kwetu. Baba aliisukuma mbele, ikaenda. Akairudisha nyuma, ikarudi. Kuku wakaruka juu ya kihenge. Kisha akakupa wewe rimoti. Uliishika kama kitu kinachoweza kuuma. Ukabonyeza, pikapu ikaondoka moja kwa moja ikaingia kwenye sufuria zilizoanikwa, na sufuria zikalia kama zeze la mlevi. Ukaketi chini. Ulicheka ukiwa umeketi chini, miguu umeinyoosha, machozi yanakutoka, na baba akacheka kwa sababu ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Ni kama ya mtu anayekohoa, unakumbuka?

Kuanzia hapo mliigeuza kuwa gari kweli. Baba alisema gari halina maana bila vifaa, akakata bati la kopo akatengeneza jeki ndogo, beleshi, na dumu la maji lenye mfuniko. Wewe ukashona turubai kwa kipande cha mwavuli chakavu, ukatoboa matundu ya kamba pembezoni. Ukashona vigunia vya kidole gumba ukavijaza pamba. Baba alipotengeneza vile vipira vya kuzuia tope nyuma ya matairi, alisema lori lisilo na maneno nyuma ni kama mtu asiye na jina, akakuuliza yaandikwe nini. Nilitegemea utasema jina la Mungu au jina langu. Ukasema, "Andika NITAFIKA." Akaandika kwa rangi nyeupe na unyoya wa kuku.

Bwana Saidi alipoiona imevaa hivyo, hakuwa na amani tena. Alipokwenda Dar kufuata mzigo alirudi na yake. Ilikuwa ya kijani, bodi yake imefunikwa hadi nyuma, matairi laini, na taa mbele zinazowaka kweli. Alikuja nayo kwetu siku ya Jumapili, baada ya sisi kutoka kanisani, amevaa kanzu, ameishika kwa mikono miwili kama sinia la pilau. Nadhani ndiyo siku mji wa Bariadi ulipoanza kusema kwamba nyumbani kwa Masanja, yaani baba, kuna wazee wanaocheza.

Mayu, wengine wakikumbuka utoto wao wanakumbuka hadithi za jioni. Mimi nakumbuka ubishi wenu juu ya yale mawe ya nyuma ya nyumba. Mlikuwa hamshindanishi mbio, hilo mlilikubaliana tangu mwanzo. Mlikuwa mnalinganisha. Ipi inapanda jiwe refu zaidi bila kupinduka. Ipi inashuka bila kuteleza. Ipi inabeba mzigo na bado inakata kona.

Ya Bwana Saidi ilikuwa na springi za kuzunguka, laini, kiasi kwamba tairi moja likipanda jiwe lile jingine lilinyooka chini kutafuta ardhi. Yetu ilikuwa na springi za bapa, ngumu kama za lori, na ikifika penye jiwe la pembeni iliinua mguu mmoja wa nyuma ukabaki unazunguka hewani. Bwana Saidi alisema pikapu ya Mama Kabula inakojoa kama mbwa. Alikuwa mtu mstaarabu na alipolisema hilo aliomba radhi kwanza, lakini alilisema kila Jumapili. Baba alikaa akifikiri wiki nzima. Akafunga nati nzito kwenye ekseli ya mbele, uzito ukakaa chini, na Jumapili iliyofuata pikapu ilipanda lile jiwe jeusi ikiwa imetulia, kama ng'ombe anayepanda kutoka mtoni.

Kwenye mteremko sisi tulikuwa wafalme. Gia ya kwanza ya ile pikapu ilikuwa ndogo mno, iliteremka hatua kwa hatua ikiunguruma, wakati ya kijani ilijiachia na kuishia kwenye mkonge. Kwenye mchanga tulishindwa. Ya kijani ilielea juu, yetu ilijichimbia kaburi. Na kwenye mzigo hapakuwa na ubishi. Ulipakia vigunia vyako vyote, ukaongeza na jiwe, ikaondoka. Ya kijani chini ya jiwe lilelile ililala tumbo.

Bwana Saidi alisema gari zuri ni lile linalomfanya abiria asimwage chai. Wewe ukamwambia kwamba abiria wa chai hana haraka, aliye na haraka ni mwenye mzigo. Baba alikaa katikati akisema kila mmoja amesema kweli, mkamgeukia wote wawili mkimwambia achague upande.

Ni kwenye mojawapo ya Jumapili hizo, baba alipokuwa akikueleza kwa nini gari huvuka korongo kwa mshazari na si kwa kuliingia kifua mbele, ulipomkatiza. Ulisema hivi, bila kuinua sauti: "Mimi nataka kuendesha la kweli."

Nakumbuka Bwana Saidi alianza kukagua matairi ya gari lake ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Siku zile hakukuwa na mwanamke aliyeshika usukani Bariadi, labda masista wa misheni, nao watu hawakuwahesabu. Habari ikamfikia baba mkubwa huko Zagayu, akaja, tena bila kutuma ujumbe. Alikula kwanza. Halafu ulipokuwa umepiga magoti unamnawisha mikono, akasema mbele ya wote kwamba amesikia mambo, na kwamba anataka kujua, mwanamke akishika usukani, mwanamume atashika nini?

"Atashika chakula, shemeji," ukamjibu, ukiendelea kumwagia maji, "kama kawaida."

Ulisema kwa heshima kabisa. Maji yakimtiririka, mabega ya baba mkubwa yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alipoondoka alimwambia baba kwamba mwanamke huyu atamshinda, kwa hiyo ni heri amfundishe mwenyewe kuliko kumwachia mtu mwingine.

Gari la kufundishia halikuwepo, basi baba akafundisha kwa alichonacho. Alipanga vifuniko vitatu vya sufuria mbele ya kigoda chako: klachi, breki, mafuta. Akasimika mchi ndani ya debe la mchanga ukawa gia. Sinia likawa usukani. Ulikaa pale na kitenge chako, ukikanyaga vifuniko, na pikapu ya buluu iko mbele yako juu ya mawe, baba ameshika rimoti anaifanya itende kile ulichotenda wewe. Ukiachia klachi haraka, anairusha. Ukisahau kurudisha gia ndogo kwenye mteremko, anaiacha ikimbie mpaka unapiga yowe. Majirani walichungulia juu ya ua wa minyaa. Hukujali. Ulijifunza gari lote kwa macho na nyayo kabla hujawahi kukaa kwenye kiti chake.

Halafu Bwana Saidi akanunua pikapu ya kweli, gari kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, ili apeleke bidhaa magulioni. Dereva akawa baba. Siku aliyoondoka nayo mara ya kwanza alichukua ule mto wake nyuma ya mlango, akaupigapiga vumbi. Wewe ulikuwa unaanika nguo. Ulimtazama mpaka alipopotea njia ya Maswa, na shati ulilokuwa umelishika likaanza kukauka mikononi mwako.

Nisikupotoshe kwa kurukaruka. Ninachotaka kukikumbuka nawe ni ile siku ya gulio la Zagayu.

Tulikwenda asubuhi, baba anaendesha, wewe na mimi tumekaa mbele, nyuma wamejaa akina mama wenzako wa mitumba na sufuria na chumvi. Baba aliamka analalamika kichwa. Kufika saa za kurudi alikuwa anatetemeka kwa malaria, meno yanagongana, amevaa sweta mbili za kuuza ingawa jua lilikuwa kali. Alijikaza kilomita chache, kisha akasimamisha gari kabla ya ule mto wa mchanga, akaweka kichwa juu ya usukani. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa meusi. Sote tulijua kwamba mvua ikinyesha juu, mto ule mkavu hujaa ghafla, na mtu akikutwa ng'ambo hulala ng'ambo. Na palepale zahanati haikuwepo.

Wanaume wawili waliokuwa wakipita na mikokoteni walisema wataenda kutafuta dereva. Haikujulikana ni wapi. Ulishuka, ukazunguka mbele ya gari, ukafungua mlango wa baba.

"Sogea," ulimwambia.

Alikutazama. Nilidhani atakataa. Alisogea, akaniegemea mimi kwa uzito wake wote, ngozi yake inachoma kama jiko. Ulivua kandambili, ukaweka miguu mitupu juu ya pedeli, na ulipowasha gari, aliyekuwa anamnyonyesha mtoto kule nyuma aliacha kumbembeleza.

Ningependa kukuandikia kwamba ulivuka vizuri. Hukuvuka. Ulishuka ukingo vizuri, gia ya kwanza, kwa mshazari, kama ulivyofundishwa. Lakini katikati ya mchanga ulikanyaga mafuta kwa hofu, na gari likajichimbia. Matairi yakazunguka. Ulizidi kukanyaga. Baba akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo sana kwamba uache, uachie mguu, gari linalozama halipigwi. Ukaacha.

Ukashuka. Ukawaambia akina mama washushe mizigo yote, na wakashusha bila kuuliza. Mkachimba mbele ya matairi kwa mikono na mifuniko ya sufuria mpya za kuuza. Mkatandika magunia. Mama wa genge la nyanya, yuleyule, alivua kitenge chake cha pili akakilaza chini ya tairi la kulia, akasema kama kitachanika utamlipa kwa mtaji wako wa magari. Ukarudi ndani. Safari hii ulichukua gia ya pili, ukaachia klachi polepole mno hata nikadhani hujaachia, na wote wakaweka mabega nyuma. Mmoja akaanzisha wimbo wa kulima, ule wa kupokezana, wengine wakaitikia. Gari likasogea. Likasita. Likasogea tena, likapanda ukingo wa pili na mto ukabaki nyuma yetu. Ulikuwa unalia na kucheka pamoja, na hukufuta uso kwa sababu hukutaka kutoa mkono kwenye usukani.

Mvua ilitupata karibu na mji. Uliingia Bariadi taratibu kama bibi harusi, waipa moja ndiyo inayofanya kazi, akina mama nyuma wamejifunika turubai wanaimba bado. Watu wa barazani walisimama. Uliendesha moja kwa moja hadi hospitali, ukazima gari katikati ya geti kwa sababu hukuwa umefundishwa kuegesha.

Baba alipona. Kitu cha kwanza alichouliza, sindano bado ziko mkononi, ni kwa nini ulitumia gia ya pili. Ukamwambia kwamba ya kwanza ina nguvu mno kwenye mchanga, inachimba, ulikwishaiona ikichimba mara nyingi nyuma ya nyumba. Baba akalala tena, ametulia. Bwana Saidi alikuwepo pale na chupa ya uji. Alisema kwamba sasa ana madereva wawili.

Leseni uliipata Shinyanga, wakati ule bado ndiyo makao ya mkoa wetu. Sitaongeza mengi kuhusu miaka iliyofuata, maana ulikuwepo. Uliendesha hadi Nassa kufuata dagaa, uliendesha harusi na misiba, ulininyoosha mimi barabarani nilipoanza kujifunza, na hukuwahi kunisifia hata mara moja mbele ya uso wangu. Leo nafundisha vijana umakanika wa magari katika chuo cha ufundi. Wakiuliza difu ni kitu gani, nachora chini.

Ulipoondoka, mayu, nilidhani nyumba itanyamaza kama ile miaka. Nilimwogopea baba. Alikaa kweli, miezi, ukutani. Kisha siku moja nikamkuta amefungua kabati, amekupangia vigunia vyako vya pamba mezani kimoja kimoja, anahesabu vilivyoliwa na panya, na ananiambia vinahitaji kushonwa upya. Nikashona. Ushonaji wangu ni mbaya na alinieleza hivyo.

Sasa nikupe habari mpya. Mwezi huu nimenunua yangu. Ni nyekundu, imeundwa kwa kufuata gari la kweli hadi vitasa vya milango, haina antena ndefu, maji haiogopi, na betri yake inachajiwa kama simu. Nilimwita Bwana Saidi aje na ya kijani, naye alikuja kwa bajaji na fimbo yake, gari lake amelifunga kwenye kilemba. Ya kwako nilikuwa nimeiwekea mota mpya. Tukazipeleka zote tatu kwenye mawe.

Ya kwako imeshindwa, mayu. Sikufichi, imeshindwa vibaya. Ile nyekundu ilipanda jiwe jeusi kama mjusi, ikasimama juu, ikageuka, ikashuka upande usioshukika. Kwenye mchanga ilipita kana kwamba ni lami. Nikaipakia jiwe, ikaondoka nalo. Bwana Saidi alisema hayo si magari tena, ni majini, na akaomba rimoti. Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani amehuzunika kwa ajili yako. Kumbe alikuwa anafikiri. Akaigeuza nyekundu chini juu, akazungusha tairi, akaniuliza maswali ambayo mengine sikuweza kuyajibu. Mwisho akasema, "Mama yako angeipenda hii. Angeiuza ile ya buluu kesho yake."

Nimelicheka hilo siku nyingi, kwa sababu ni kweli. Wewe hukuwa mtu wa kuabudu kitu kwa kuwa ni cha zamani. Ungeikandamiza kwa kiganja kuona springi zake, ungeshona turubai jipya, na Jumapili ile ile ungeanza kubishana na kila mtu kwamba yako ndiyo bora.

Hapo ndipo ninapokukosa hasa. Siyo makaburini wala siku za sikukuu. Nakukosa jiwe linapopandwa na hakuna wa kunipinga. Bwana Saidi ameanza kukubaliana na kila ninachosema, na baba hivyo hivyo, uzee umewafanya wapole. Natamani mtu wa kuniambia sijui ninachokisema. Lakini ni huzuni nyepesi, mayu. Naibeba kirahisi, kwa kuwa ndani yake kuna kicheko kingi kuliko kilio.

Wabeja kulumba, asante sana. Kwa kila kitu ulichokataa kukiuza, wabeja. Ningeandika zaidi, lakini mvua imekatika sasa hivi, na nyuma ya nyumba kumejaa tope, na nawasikia wazee wawili wanagombania rimoti yangu. Mmoja anasema nyekundu itazama. Mwingine anasema haizami. Wanapaza sauti kabisa. Ngoja nikimbie nikaone nani amesema kweli.

Mimi bintiyo,
Kabula